Eneo la Wazi Linataka Mwenyewe: Mhadhara Kuhusu Kupanga Mapumziko ya Wakazi Wote wa Kilosa na Mikumi

Nimeombwa nizungumzie michezo na burudani katika miji yetu hii miwili na vijiji vinavyoizunguka. Nitaanza na mchoro wa mipango miji, kwa sababu burudani ya watu wengi huamuliwa pale, kabla mpira wowote haujapigwa.

Julai 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na Kilosa ikapata stesheni kwenye reli mpya, zaidi ya miaka mia moja tangu Wajerumani wapitishe ile ya kwanza katika bonde la Mkondoa. Stesheni ikishafunguliwa, ardhi ya jirani huanza kutafutwa. Huyu anataka nyumba ya wageni, yule ghala, mwingine kibanda cha chipsi, na vijana wa bodaboda wanataka kijiwe. Wote wana haki ya kutafuta riziki. Lakini eneo ambalo halijapimwa na kuandikwa kuwa la wazi litajengwa kimya kimya, kiwanja baada ya kiwanja, na siku tutakayolihitaji tutaambiwa kila kipande kina hati.

Hoja yangu ya leo ni hii. Mapumziko yanahitaji ardhi na yanahitaji saa, na viwili hivyo visipopangwa huenda kwa wenye nguvu. Mwenye pesa atachukua ardhi. Kijana wa kiume mwenye afya atachukua saa. Wanaobaki bila chochote ni wengi kuliko hao wawili wakiwekwa pamoja: wasichana, akina mama, wazee, watoto wadogo, watu wenye ulemavu, wafugaji wanaokuja mjini siku ya mnada tu.

Wilaya hii ya Kilosa haikuwahi kukosa burudani iliyopangwa. Kilichobadilika ni nani anayepanga. Mashamba ya mkonge ya Kilosa, Kimamba na Rudewa yalivuta watu kutoka kila upande, wale manamba waliotoka Songea, Njombe, Kigoma, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, ikajulikana kwa jina la SILABU. Bwana shamba aliyemleta mtu kutoka mwendo wa siku nyingi alifahamu kwamba mtu huyo hawezi kukata mkonge juma zima kisha Jumapili akae akitazama ukuta wa kambi. Kwa hiyo Jumapili ilikuwa siku ya ngoma na ya mpira, na mahali pa kuchezea palijulikana. Tusilipambe jambo hili. Mwajiri alitaka kibarua asitoroke na Jumatatu arudi kazini, na kibarua hakuulizwa anapenda nini. Hata hivyo ardhi ilikuwapo, na saa ilikuwapo.

Reli nayo ilikuwa hivyo hivyo. Wafanyakazi wa reli walikuwa na klabu zao, na wazee walioko hapa wanaikumbuka Reli ya Morogoro, ile waliyoiita Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowasumbua wakubwa wa Dar es Salaam. Tawi la reli lilipofika Kidatu katika miaka ya 1960 likipitia Mikumi, liliunganisha mji wa mkonge na nchi ya miwa, na huko kwenye miwa kiwanda ndicho kilichokuwa baba wa kila kitu: nyumba, zahanati, shule, uwanja. Serikali huru nayo ilikuwa imelipa jambo hili uzito mapema. Mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 sheria ikaunda Baraza la Michezo la Taifa. Lakini kwa mfanyakazi wa kawaida wa Kimamba kwenye mkonge au Ruembe kwenye miwa, burudani iliendelea kupitia kwa mwajiri, awe bwana shamba au shirika la umma.

Kisha waajiri wakaondoka. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaangushwa na nyuzi za plastiki, na miaka ya 1990 ikaja na ubinafsishaji. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilibinafsishwa mwaka 1998. Mnunuzi wa kiwanda hununua mitambo na mashamba. Kwaya, timu ya netiboli, ukumbi wa Jumamosi na yule mzee aliyekuwa akifyeka nyasi za uwanja havimo katika hesabu ya mnunuzi, labda apende mwenyewe. Hata viwanja vikubwa vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi enzi ya chama kimoja vilibaki, vingi vyao, mikononi mwa CCM baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, na Jamhuri wa Morogoro ni mmojawapo. Sisemi haya kwa ugomvi wa vyama. Nasema kwa sababu halmashauri haiwezi kupanga ratiba ya mali isiyo yake.

Tukabaki na uwanja wa shule. Mahali pengi nchini, na vijijini karibu kote, uwanja wa shule ya msingi ndio eneo pekee la wazi ambalo mtoto anaweza kukimbia bila kukanyaga mahindi ya mtu. Sasa huo nao umebanwa. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yalifurika, na mwaka 2021 peke yake serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za kupambana na UVIKO-19. Hakuna mzazi atakayelalamikia darasa. Lakini darasa hujengwa mahali palipo wazi, na shuleni palipo wazi ni uwanjani. Ukishajenga vyumba viwili pembeni mwa goli, matundu ya choo nyuma yake na nyumba ya mwalimu upande wa pili, mtaala utaendelea kuandika michezo na ratiba itaendelea kuwa na kipindi, ila watoto watakuwa wamesimama mstari mmoja kando ya ukuta. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi lazima amtimizie mtoto. Mzazi wa Mkwatani au Magomeni hapa Kilosa atamtimizia wapi, kama kila kipande kimejengwa?

Nije sasa kwenye ardhi yenyewe, na hapa naomba nikae kidogo.

Msowero imo katika wilaya hii. Kila mtoto aliyesoma historia anajua kwamba mwaka 1884 Mangungo wa Msowero aliweka alama yake kwenye karatasi ya Mjerumani Karl Peters ya kuitoa ardhi yake. Watu wa Usagara, nchi yetu hii, walijifunza mapema, na kwa uchungu, uzito wa karatasi inapowekwa juu ya ardhi. Leo karatasi inaweza kuwa upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu: ya watu binafsi, ya matumizi ya pamoja, na ya akiba. Mpango wa matumizi ya ardhi ukipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, uwanja unaweza kuingizwa kwenye fungu la matumizi ya pamoja, ukawa na mipaka, ukachorwa, ukalindwa sawasawa na makaburi au chanzo cha maji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uwanja nao ni mali.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kijiji kinachojua kupanga. Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwa, vijiji vya wilaya hii hii, viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012, ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Walitenga msitu, wakagawa vitalu vya kuvuna kwa zamu, wakatoza ushuru, na mkutano mkuu wa kijiji ukaamua fedha ziende wapi: darasa, maji, zahanati. Watu walioweza kukubaliana mti upi ukatwe na upi uachwe hawawezi kushindwa kukubaliana kuhusu hekta moja na nusu ya kuchezea. Nataja kipimo hicho kwa makusudi. Uwanja kamili wa mpira wa miguu, mita 105 kwa 68, unachukua kama robo tatu ya hekta. Netiboli inahitaji mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Weka viwanja viwili vya netiboli, kivuli cha miti kwa wazee, kona ya watoto wadogo, choo na njia ya kupita, na bado hujavuka hekta moja na nusu. Hiyo ni chini ya ekari nne.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wilaya hii inalijua kuliko nyingine nyingi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nitakuwa mwongo nikisema uwanja wa mpira ungezuia mauaji yale. Mzizi wake ulikuwa malisho, maji, mipaka ya vijiji na utawala uliochelewa. Lakini jiulizeni ni wapi kijana mfugaji wa Kiparakuyo wa Twatwatwa na kijana wa mkulima wa Rudewa wanakutana wakiwa hawana shauri la ng'ombe kuingia shambani. Mnadani wanakutana, na pale kuna bei. Kwenye baraza la usuluhishi wanakutana, na pale kuna kidonda. Mahali pa tatu hatujawapa. Siku ya mnada watu wameshakusanyika bila kuitwa na mtu. Uwanja ukiwa jirani na mnada, mechi ya saa kumi au mashindano ya kuruka na kukimbia hayamgharimu mtu nauli. Na mfugaji anayekuja na wake zake na watoto atakuwa na mahali pa kuwaketisha badala ya kuwaacha juani kando ya zizi. Hili ni la kupanga, kwa sababu lenyewe halitatokea.

Mto Mkondoa nao unatupa somo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivunja tuta, yakazoa nyumba, yakaing'oa reli, na maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Januari 2014 mafuriko mengine yakaliharibu daraja la Dumila na kuzamisha Magole. Baada ya kila mafuriko tunaambiwa tusijenge bondeni, na baada ya miaka michache bonde limejengwa tena, kwa sababu ardhi iliyoachwa bila kazi humwita mtu asiye na kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ningeomba wataalamu wetu wa mipango miji wapande miti katika ukanda huo, na nyuma yake, katika ardhi tambarare isiyofaa kwa nyumba, waweke viwanja. Maji yakija Aprili, uwanja utalowa, kisha utakauka, na hakuna mtu atakayefiwa kwa sababu ya goli lililosombwa. Bonde likiwa na kazi inayojulikana, na watu wanaolitumia kila jioni, mvamizi ataonekana siku ya kwanza anapoleta tofali.

Mikumi ina shida ya namna yake. Ni mji wa barabara kuu ya Zambia na ni mji wa hifadhi. Malori hulala hapa, na biashara ya usiku imeupangia mji burudani: baa, nyumba za wageni, meza za pool, na vibanda umiza vinavyoonyesha ligi ya Uingereza. Siwalaumu wenye baa, wanalipa kodi na kuajiri. Ila mji ambao burudani yake yote inauzwa baada ya jua kutua umeshawachagua wateja wake, na mama wa watoto watatu hayumo, mzee anayeswali swala tano hayumo, binti wa kidato cha pili hatakiwi awemo. Yule binti akiwa na netiboli ya saa kumi na nusu yenye mwalimu na uzio, ana mahali pa kwenda ambapo mama yake anapajua. Asipokuwa nayo, barabara ipo, na dereva wa lori ana simu na pesa ya soda.

Upande wa pili wa mji kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Watu husafiri kutoka Ulaya na Amerika kuja kupumzika hapo. Wapo watoto wa mji huu wanaowajua tembo kwa uharibifu wa shamba la baba tu, hawajawahi kuketi garini wakawatazama kwa utulivu. Shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lina utaratibu wa ujirani mwema uliojenga madarasa na zahanati katika vijiji vingi vinavyopakana na hifadhi zake. Ningependa siku ya watoto wa Mikumi kuingia hifadhini iwe imeandikwa katika ratiba ya mwaka ya mji na ya hifadhi, darasa kwa darasa, isitegemee hisani ya mgeni aliyetembelea shule. Na wanaopanga viwanja upande huo wazingatie ushoroba wa wanyama: uwanja usiwekwe kwenye njia ya tembo, na michezo ya jioni iishe mapema, watoto wafike nyumbani kukiwa bado na mwanga.

Nimetaja saa mara kadhaa. Tunapokaa kupanga tunafikiria eneo, tunasahau kalenda, na kalenda ndiyo inayowafukuza watu wengi. Katika wilaya hii hakuna mwaka mmoja. Mkulima wa mpunga na mahindi ana nafasi baada ya mavuno, Julai hadi Septemba, na huo ndio msimu wa ngoma, harusi na jando tangu zamani. Mfanyakazi wa miwa yuko katikati ya uvunaji wakati huo huo; yeye hupumua kiwanda kinapofungwa kwa masika, mkulima akiwa amejikunja kwenye palizi. Mfugaji anafuata malisho. Mwezi wa Ramadhani unasogeza kila kitu. Bonanza likipangwa Agosti tu, tumeamua bila kusema kwamba watu wa Ruembe hawahusiki.

Na ndani ya siku moja, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, ule wakati mtamu wa chandimu, ndio wakati mama anatafuta maji, kuni na mboga. Hawezi kuja kwa sababu hatujapunguza mzigo wake wala hatujaisogeza saa. Wengine watasema wanawake wa vijijini hawana desturi ya michezo. Hao hawajaona mdundo wa ngoma ya kumtoa mwali, watu wanacheza usiku kucha na kesho wanaamkia shambani. Desturi ipo, nguvu ipo. Bomba la maji likijengwa karibu na uwanja, mama anayesubiri foleni ya ndoo anaweza kuwatazama wanawe wakicheza rede, na yeye akapata nusu saa ya kukaa na wenzake kwenye benchi lenye kivuli. Ndiyo maana napendekeza mchoro wa maji na mchoro wa uwanja ikae meza moja. Jumamosi asubuhi iwe yao, iandikwe, na timu ya vijana ijue kwamba saa hiyo uwanja una wenyewe.

Kwa wazee, bao na drafti chini ya mwembe ni burudani kamili, na inahitaji tu kwamba mwembe usikatwe na benchi liwe imara. Kwa mtu wa baiskeli ya magurudumu, tatizo la kwanza ni mtaro. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo ya umma yafikike. Bamba la zege juu ya mtaro na mlango wa uzio wenye upana wa kutosha vinamaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ni rahisi kuviweka mwanzo kuliko kuvunja baadaye.

Nimesikia jibu kwamba haya yasubiri, kwanza dawa, kwanza dawati. Wahenga wa mjini wanasema kazi na dawa, na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anahitaji dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku na mtu mzima walau 150 kwa wiki. Kisukari na shinikizo la damu vimeshafika kwenye zahanati zetu. Lakini hata tukiyaacha hayo, ardhi haisubiri. Nairobi mwaka 1989 palipangwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, na ni upinzani wa mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake uliolizuia. Walikuwa na bustani ya kuitetea kwa sababu ilikuwa imetengwa, ikafunguliwa mwaka 1969, ikajulikana na kila mtu kwa jina na mipaka. Pasipokuwa na jina wala mpaka, hata mtetezi hodari hana pa kusimama.

Kazi ya kuanzia haihitaji mfadhili. Kupima, kuweka mawe ya mipaka na kupanda miti ni gharama ambayo kijiji chenye ushuru wa mkaa, wa gulio au wa stendi kinaweza kuibeba kwa awamu. Gharama inayosahaulika ni ya utunzaji, na hiyo ndiyo iliyoua viwanja vya mashirika. Iwepo kamati ndogo isiyojaa wachezaji mpira pekee: mwakilishi wa wanawake, wa wazee, wa wafugaji, wa watu wenye ulemavu, mwalimu mmoja, na mtu mmoja anayelipwa, hata kidogo, wa kufyeka na kushika ufunguo wa choo. Ada ndogo kutoka kwenye mashindano ya ndondo imlipe huyo. Kamati isome mapato na matumizi mbele ya wananchi.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Naomba kila mwenyekiti aliyeko hapa, na kila mwenyekiti wa kitongoji katika miji yetu midogo ya Kilosa na Mikumi, aweke agenda moja katika mkutano unaofuata: kipande gani kinatengwa, mipaka yake inapita wapi, saa zipi ni za nani, na nani anakilinda. Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, usainiwe, na nakala ifike kwa maafisa ardhi na mipango miji wa halmashauri kabla ya masika, kwa sababu mvua zikianza wapimaji hawataweza kuingia mabondeni hadi Juni.